Maswali ya Wasomaji: Agosti Malindi, maji ni baridi?

SWALI: Tunakuja Malindi mwezi wa Agosti na mtoto wa miaka minne. Je, ataweza kuogelea, au bahari itakuwa baridi? Mama Zawadi, Nakuru.

JIBU: Ataogelea, Mama Zawadi. Agosti ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Machi na Aprili hukaribia 29. Kinachomtetemesha mtoto ni upepo akishatoka amelowa: mvue nguo mbichi papo hapo, umfunge leso kavu.

La kuangalia zaidi ni mawimbi. Nendeni upande wa Casuarina, ufuo wa kusini mwa mji, miamba huyavunja kabla hayajafika ufuoni. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kuacha vidimbwi vyenye joto, vizuri kwa mtoto, ila avae viatu kwa ajili ya miba. Maji yakianza kurudi, tokeni.

Wengine husubiri Januari wakitaka maji safi! Joto watalipata, lakini kaskazi, upepo utokao kaskazini, husukuma tope la Mto Sabaki hadi ghuba ya mji; kusi hulipeleka upande wa pili.