Maswali ya Wasomaji: Jiografia na Historia Katika Shahada Moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ninayesoma jiografia na historia kwa pamoja. Asubuhi ninafundishwa mmomonyoko wa udongo, mchana ninafundishwa mapinduzi ya viwanda, na hakuna anayenieleza mambo hayo yanakutania wapi. Mhadhiri wa historia aliniondolea alama kwa sababu nilijibu kwa vidokezo na jedwali. Yule wa jiografia akaniambia insha yangu ina maneno mengi na haina kipimo hata kimoja. Je, si afadhali niache somo moja nijikite katika lingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache, walau si kwa sababu hiyo. Ulichokieleza ni tofauti ya namna mbili za kuthibitisha jambo, na kila mmoja wa wahadhiri wako ana haki ya kudai namna yake. Mwanahistoria anataka kuona nani alisema, lini, akiwa na masilahi gani, na hoja yako inatokaje kwenye ushahidi mmoja kwenda mwingine. Vidokezo vinamkera kwa kuwa huficha viungo vya sababu na matokeo. Mwanajiografia anataka kuona ni wapi, kwa kiasi gani, na kwa nini hapa wala si pale. Ukizijua namna zote mbili, utaweza kuuliza maswali ambayo mwenye moja tu hayamjii.

Chukua mfano wa Tambora, mlima wa volkano ulioko kisiwa cha Sumbawa, katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Mwezi Aprili 1815 mlima huo ulilipuka kwa nguvu isiyo na kifani katika mlipuko wowote ambao binadamu wameuandikia kumbukumbu. Gesi ya salfa ilipanda hadi tabaka la juu la angahewa, ikageuka chembechembe ndogo zilizozuia sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka 1816 majira ya joto hayakufika ipasavyo katika sehemu kubwa za Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako theluji ilianguka mwezi Juni. Hadi hapo mwanajiografia amefanya kazi yake. Lakini baridi peke yake haielezi njaa iliyofuata. Ulaya ilikuwa imetoka tu katika vita vya Napoleon vilivyomalizika mwaka 1815. Askari walikuwa wanarudi nyumbani bila kazi, na bei ya nafaka ikapanda kuliko uwezo wa maskini. Kwa nini Uswisi na kusini mwa Ujerumani ziliumia sana? Hapo lazima uzisome nyaraka, na ukizisoma utakutana na watu wanaolalamikia mvua na baridi bila kujua kwamba chanzo chake kilikuwa upande wa pili wa dunia. Swali hilo moja lina vyumba viwili, nawe umepewa funguo zote mbili.

Jambo la kufanya tangu wiki hii ni kubadilishana maswali. Ukipewa ramani, iulize maswali ya mwanahistoria. Mwaka 1798 James Rennell, mchoraji ramani aliyeheshimiwa sana Uingereza, alichora safu ndefu ya milima ikikatiza Afrika Magharibi, akiegemea maelezo ya safari ya mvumbuzi Mskoti Mungo Park na imani yake mwenyewe kuhusu mkondo wa mto Niger. Milima hiyo, iliyoitwa Milima ya Kong, ilinakiliwa kutoka ramani moja hadi nyingine kwa takriban miaka 90, mpaka Mfaransa Louis-Gustave Binger alipofika mji wa Kong katika safari yake ya 1887 hadi 1889 na kutokuta safu yoyote ya milima. Kila aliyenakili aliamini kwamba aliyemtangulia alikuwa na ushahidi. Kwa hiyo ramani nayo ni waraka: ina mwandishi, ina mfadhili, ina tarehe, na yaweza kusema lisilokuwepo. Vivyo hivyo, ukipewa hati ya kale, iulize maswali ya mwanajiografia: mahali panapotajwa pako umbali gani kutoka majini, safari hiyo ilichukua siku ngapi, na ilifanyika msimu gani? Aliyesafiri Bahari ya Hindi kwa tanga hakuondoka siku aliyoitaka. Aliondoka upepo ulipomruhusu, na mfanyabiashara aliyekaa bandarini miezi kadhaa akisubiri kaskazi igeuke kuwa kusi alioa, alikopa, alijenga. Usipozijua pepo hizo, hutaelewa kwa nini alikaa.

Kuhusu alama zako, andika insha ya historia kwa aya kamili na insha ya jiografia kwa vipimo. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha hizo mbili zikiwa mbalimbali kabla ya kuzichanganya.

SWALI: Mwalimu, binti yangu amechaguliwa kusoma masomo haya mawili chuo kikuu. Ndugu wanasema anapoteza muda, eti mwisho wake ni kufundisha tu. Nimshauri vipi?

JIBU: Ndugu mzazi, hilo neno "tu" halistahili kuwekwa karibu na kufundisha. Hata hivyo, wahitimu wa masomo haya hufanya kazi pia katika mipango miji, utunzaji wa nyaraka, makumbusho, sensa, maandalizi ya maafa, mazingira na uandishi wa habari. Nitakuwa mkweli: cheti peke yake hakimfikishi huko. Mshauri ajifunze takwimu na mifumo ya kompyuta ya kuchora na kuchanganua ramani mapema, asisubiri muhula wa mwisho, na ajifunze kusoma vizuri walau lugha moja zaidi ambayo nyaraka za eneo linalomvutia zimeandikwa. Wanafunzi wengi hukwepa takwimu kwa woga, na woga huo huwagharimu kuliko somo lenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu. Pendekezo langu la tasnifu linahusu mabadiliko ya mazingira na makazi ya watu kandokando ya mto tangu enzi za kale hadi leo. Msimamizi amelirudisha mara mbili akisema ni pana mno. Nipunguze nini?

JIBU: Marahaba. Punguza mto na punguza miaka. Chagua kipande cha mto unachoweza kukitembea kwa miguu ndani ya siku chache, kisha chagua kipindi kilicho na ushahidi pande zote mbili, yaani ramani au picha kwa upande mmoja, na nyaraka au watu wenye kumbukumbu kwa upande wa pili. Picha za setilaiti za Landsat zilianza mwaka 1972 na tangu 2008 zinapatikana bure, na nchi nyingi zina picha za angani zilizopigwa na ndege miongo kadhaa kabla ya hapo. Kipindi cha miaka 40 au 50 kinakutosha, tena wazee waliokishuhudia bado wanaweza kuhojiwa.

Nikuonye kuhusu kulinganisha, kwa maana hapo ndipo nimeona tasnifu nzuri zikiharibika. Tuseme ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000 inaonyesha ukingo wa mto mahali fulani, na picha ya karibuni inauonyesha mita 20 kando. Usikimbilie kuandika kwamba mto umehama. Kwenye ramani hiyo mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25 za ardhi, kwa hiyo tofauti yote uliyoiona inaweza kuwa ni wino. Picha za kwanza za Landsat nazo, kila nukta yake ilifunika upana wa mita 80 hivi za ardhi, ilhali za baadaye zina nukta za mita 30. Tena tazama tarehe: picha ya msimu wa mvua na picha ya kiangazi zitakupa mito miwili tofauti hata kama zimepishana miezi sita. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, niliandika kwamba msitu fulani umepungua, mpaka msimamizi wangu aliponiambia nisome ufunguo wa kila ramani. Wachoraji wa ramani ya kwanza walihesabu vichaka kuwa msitu. Wa ramani ya pili hawakuvihesabu. Niliandika upya sura nzima.

Ukienda kuwahoji wazee, beba ramani zilizochapishwa, lakini usizitoe mwanzoni. Waombe kwanza wakupeleke mahali penyewe wakuonyeshe mto ulikopita, kivuko kilikuwa wapi, na mashamba yalihamishwa mwaka wa tukio gani. Weka alama hizo kwenye kifaa chako, ndipo utandaze ramani na kutazama zinapopishana. Sehemu hizo ndizo sura yako ya nne, yaani ya matokeo.