Kidonda cha kisu: kiachwe kikauke au kifungwe?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi napara samaki Mwaloni, Kirumba. Juzi kisu kiliteleza kwenye sato nikajikata kiganja. Muuguzi alikisafisha kidonda, akakifunga, akaniambia nisikiache kikauke. Mama mkwe anasema kidonda dawa yake upepo na jua. Mwanangu wa kidato cha nne naye kaja na lake: eti seli za ngozi zinatembea mpaka zikutane katikati. Zinatembeaje na miguu hazina? Nani nimsikilize? Wabeja.
Mama K., Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao kasema kweli, muuguzi kasema kweli. Mama mkwe nitamwendea taratibu, maana na mimi ninaye wangu huko Magu, na gazeti hili analisoma.

Tuanze na ngozi iliyo nzima. Seli za tabaka lake la chini zimeshikizwa kwenye utando mwembamba ulio kati ya ngozi ya juu na nyama. Zinazoshika ni protini ziitwazo integrini. Kila moja imepenya utando unaoizunguka seli: kwa nje inakamata nyuzi kama kolajeni, kwa ndani imeungana na kiunzi cha seli yenyewe. Binadamu tunazo aina 24. Siku za kawaida seli hizi zimetulia, hazina safari.

Kisu kikipita, zile za ukingoni hulegeza vishikizo vya zamani na kutoa integrini nyingine, zinazofaa kushika kolajeni na faibronektini (protini ya kunata) zilizo kidondani. Kisha seli hutokeza ukingo mpana, mwembamba sana, upande wa mbele. Kinachousukuma ni nyuzi za aktini, zinazojengwa mbele huku zikibomolewa nyuma. Ukingo ukigusa chini, integrini hukamata. Mayosini, ndugu ya ile inayokaza misuli yako unapojitwika beseni la dagaa, huvuta mwili wa seli, na upande wa nyuma huachia. Halafu zinaanza tena.

Kuachia ndiko wengi wanakokusahau. Muulize mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa pondo kwenye maji mafupi: tope likiwa laini mno, pondo linazama na mtumbwi hausogei, likinasa mno, mtumbwi unaondoka na yeye anabaki ameking'ang'ania kijiti. Seli nayo ikishika kidogo inateleza, ikishika mno inaganda palepale. Mwendo wake mzuri uko katikati.

Sasa mama mkwe. Seli hizi hutambaa penye unyevu. Kidonda kikikaushwa, kigaga kinaota, nazo zinalazimika kujipenyeza chini yake, zikikata kolajeni kwa vimeng'enya ili zipate njia. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alichapisha matokeo ya vidonda vya juujuu alivyovipima kwa nguruwe: vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilipata ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa hewani. Jua lianike dagaa, mama, kiganja chako liachie.

Ila unyevu si maji ya samaki. Bandeji ikilowa kazini ibadilishe, nawa kwa maji safi na sabuni, na uulize kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Ukiona usaha, uvimbe au maumivu yanayozidi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mapera na machungwa kula, kwani bila vitamini C mwili hautengenezi kolajeni imara.

Zikikutana katikati, seli husimama. Michael Abercrombie aliieleza tabia hiyo ya seli kusimamishana zikigusana katika miaka ya 1950. Seli nyingi za saratani hazina adabu hiyo.

Na mwambie kijana kwamba mabingwa wa mwendo huu unawatupa wewe mwenyewe kila siku pamoja na magamba. Seli za ngozi ya samaki zinazobaki kwenye gamba huweza kwenda zaidi ya maikromita 10 kwa dakika, yaani zaidi ya nusu milimita kwa saa, zikiwa na umbo la nusu mwezi. Mwaka 1984 Ursula Euteneuer na Manfred Schliwa walionyesha kwamba hata kipande cha seli hiyo, kisicho na kiini, kinaendelea kutembea. Mimi hilo bado linanishangaza kuliko simu zote za siku hizi.

Maabara huliweka gamba kwenye kioo ndani ya majimaji yenye lishe, hulibana kwa kioo kingine, na baada ya saa kadhaa seli hutoka zenyewe. Kwa hadubini ya shule ukingo wao ni shida kuuona kwa sababu unapitisha mwanga, kwa hiyo apunguze tundu la mwanga lililo chini ya meza ya hadubini. Na gamba liwe la sato aliyetolewa majini sasa hivi, aliyegandishwa hafai.