Mbona wajukuu wa wahamiaji hawaachi asili yao?

Unashangaa mtu aliyezaliwa Marekani, hata Italia hajawahi kufika, anajiita Mwitaliano. Mara nyingi hakuanza yeye: jina la ukoo lilishamtambulisha kabla hajafungua mdomo. Waitaliano waliohamia huko mwishoni mwa karne ya 19 walibaguliwa, wakajikusanya kwenye mitaa yao, wakategemea jamaa, kanisa na vyama vya kusaidiana. Watoto wao wengi walitaka kuyaficha hayo ili wakubalike. Wajukuu, ambao hawana tena cha kuogopa, ndio wanaoyafukua. Mwanahistoria Marcus Lee Hansen alishalisema hilo mwaka 1937. Ila tusidanganyane, kwa wengi wao siku hizi ni sikukuu na mapishi tu. Lugha yenyewe hawaijui.