Kitabu kilichonichekesha mpaka nikaona haya

Mkuu, umeuliza kitabu gani kilituchekesha halafu tukajishangaa tumecheka nini. Changu ni riwaya ya Popular Hits of the Showa Era, yaani nyimbo zilizovuma enzi ya Showa, zama za zamani za Japani, cha Ryu Murakami. Si Haruki Murakami, yule mwandishi mwingine wa Japani anayependa kuandika paka na visima. Huyu ni Ryu, na mkono wake hauna huruma. Kilitoka Japani 1994. Mimi nilikisoma kwa Kiingereza.

Kuna vijana sita Tokyo, wapo wapo tu kama mizigo iliyosahaulika stendi. Wanakutana, wanakula, wanacheka bila sababu, kisha wanakwenda ufukweni usiku kuimba karaoke. Upande wa pili kuna wanawake sita walioachika, wote wanaitwa Midori. Nao hukutana, kila mmoja anaongea, hakuna anayesikiliza. Siku moja kijana mmoja anamkata koo Midori mmoja barabarani, kwa jambo la kipuuzi kabisa. Hapo ndipo vita inaanza. Kwanza kisu kilichofungwa kwenye mpini mrefu, anachomwa mtu kutoka juu ya skuta. Kisha bastola. Kisha kombora. Baada ya hapo sisemi, kasome.

Nilikuwa kwenye pantoni la Kigamboni nilipofika pale pa skuta, nikacheka kwa sauti. Mama aliyekaa karibu akauliza, "Unasoma nini mwanangu, kizuri hivyo?" Nikamwambia, "Mama, kuna mtu ameuawa." Akalihamishia kapu lake upande wa pili.

Ila damu siyo iliyonishika. Kilichonishika ni kwamba hawa watu hawakuwa marafiki mpaka walipopata wa kumuua. Wakina Midori wanapanga kisasi, na kwa mara ya kwanza mmoja akisema, wengine wanyamaza kumsikiliza. Wanapendeza! Wana raha kuliko walivyowahi kuwa kwenye ndoa zao. Unajikuta unawafurahia, halafu unakumbuka wanachofurahia. Vijana nao vilevile. Kasoro yake ni kwamba vijana wenyewe huwezi kuwatofautisha. Mpaka leo nawachanganya Yano na Kato.

Na kila sura ina jina la wimbo wa zamani. Nilitafuta ule wa Yurakucho, mtaa wa Tokyo, alioimba mwimbaji wa Kijapani Frank Nagai 1957. Mtu anamsubiri mpenzi wake, mvua inanyesha, ana wasiwasi asije akalowa. Wimbo mtulivu kabisa. Nimeuweka kwenye simu, mke wangu anaupenda sana. Sijamwambia nimeutoa wapi.