Hita ya wati ngapi? Pima chumba kabla ya kupima tangi

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo huniuliza swali lile lile: tangi langu ni la lita kadhaa, ninunue hita ya wati ngapi? Nami humrudishia swali: alfajiri, chumba chako kinashuka hadi nyuzi ngapi?

Kanuni iliyozoeleka ni wati moja kwa kila lita ya maji. Siikatai, nyumba nyingi inazifaa. Kasoro yake ni kwamba haijui tangi limewekwa wapi. Hita haipashi maji mara moja ikapumzika. Kutwa kucha inafidia joto linalopotea kupitia vioo na, zaidi ya yote, kwenye uso wa maji ambako mvuke hutoka. Upotevu huo hukua kadiri maji yanavyokizidi chumba kwa joto. Maji ya nyuzi 26 katika chumba cha nyuzi 22 hayana madai makubwa. Yahamishie chumba cha nyuzi 16 uone hita inavyohenyeka.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mimi hujaza maji kwenye glasi kubwa, natumbukiza kipimajoto, naiweka pale pale tangi litakapokaa na kuiacha ilale hapo. Naisoma kabla jua halijachomoza. Maji hayayumbi kwa kila upepo unaopita dirishani kama hewa, ndiyo maana nayaamini zaidi. Fanya hivyo msimu wa baridi, au walau usiku wenye baridi, kisha toa namba hiyo kwenye joto unalolitaka.

Tofauti ikiwa nyuzi 5 au pungufu, nusu wati hadi robo tatu ya wati kwa lita inatosha. Kati ya nyuzi 5 na 10, rudi kwenye wati moja. Ikizidi 10, nenda wati moja na nusu. Tangi dogo, tuseme la chini ya lita 40, hupoa haraka kwa kuwa vioo vyake ni vingi ukilinganisha na maji yaliyomo, basi liongezee kidogo. Lisilo na kifuniko nalo liongezee, ingawa kifuniko ni nafuu kuliko umeme.

Na hizo lita zihesabu mwenyewe. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 ni lita 65 kwenye karatasi. Toa changarawe, mawe, na ile nafasi tupu ya juu, unabaki na kama 55. Chumba kikishuka hadi nyuzi 19 nami nataka 26, hapo hita ya wati 50 ingejikongoja, kwa hiyo ningechukua ya 75.

Utasikia watu wakisema nunua kubwa tu, itajizima yenyewe. Itajizima, mpaka siku thamostati, kile kiswichi cha ndani, itakapogoma kuachia. Nimewahi kukutana na hita ya namna hiyo: kidole kwenye kioo cha tangi kinasikia kama bakuli la supu, na samaki wote wako juu wanatafuta hewa, maana maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Fanya hesabu: wati 300 katika lita 60 zinapandisha maji zaidi ya nyuzi 4 kwa saa mwanzoni. Ukilala, umewapika. Wati 75 zikikwama hupandisha takriban nyuzi moja tu kwa saa, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo chumba kinavyolinyonya, mpaka yanafika mahali hayapandi tena. Unaamka na samaki wenye shida, lakini hai.

Ndiyo sababu tangi likizidi lita 150 hivi nagawa wati mara mbili. Badala ya hita moja ya 200, mbili za 100, kila moja upande wake. Moja ikikwama inawaka, peke yake haina nguvu ya kuwachemsha. Moja ikifa, nyingine inashikilia mpaka utakapogundua. Joto nalo linasambaa vizuri zaidi.

Kuhusu bili, wengi hawaamini ninapowaambia kuwa hita kubwa na ndogo, zikishika joto lile lile kwenye tangi lile lile, zinakula umeme karibu sawa. Kubwa huwaka muda mfupi, ndogo huwaka muda mrefu. Usichague ndogo ukidhani unabana matumizi.

Wapo samaki wasiohitaji hita kabisa. Samaki wa dhahabu wanastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 22. Samaki aitwaye diskasi kwa upande mwingine anataka 28 hadi 30, na hapo hesabu yote ya tofauti inapanda.

Ukishaifunga, iweke karibu na maji yanapotokea kwenye filta ili joto lisikae kona moja, halafu itazame taa yake. Alfajiri ya baridi taa iwe inawaka na kuzimika kwa vipindi. Ikiwa haizimiki kamwe na maji bado yako chini ya ulichotegesha, hita ni ndogo. Usitegemee namba zilizochorwa kwenye hita yenyewe; nimeona zikidanganya kwa nyuzi 2 au 3. Kipimajoto cha pembeni, upande wa mbali na hita, ndicho hakimu.

Na siku ya kubadilisha maji, chomoa hita kwanza, uiache ipoe kama robo saa ndipo upunguze maji. Ya kioo ikibaki nje ya maji huku ina moto, kisha ikamwagiwa maji ya baridi, inapasuka.