Unga wa kolajeni, supu ya kongoro na magoti yanayolia

SWALI: Mwanangu mfamasia, nina miaka 58, nipo Uyole hapa Mbeya. Magoti yanalia nikipanda shambani na ngozi imekauka kama gome. Kuna binti ananiuzia unga wa kolajeni umechanganywa na glukosamini, ile inayouzwa kwa ajili ya maungio, anasema unaenda moja kwa moja gotini. Kweli? Na supu ya kongoro si ndo kolajeni hiyohiyo? Natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maana iliganda mguuni mwaka jana.

JIBU: Shikamoo mama. Naanza na hiyo wafarini maana ndo imenishtua, glukosamini inaweza kuizidishia nguvu ukaanza kuvuja damu, kwa hiyo huo unga uache kwanza mpaka uongee na daktari wako, na kama ulishaanza kuunywa usiwafiche kliniki, wakupime damu. Diklofenaki za dukani, zile za maumivu, nazo usiguse kabisa.

Sasa kolajeni. Ni protini tu kama ilivyo ya nyama au maharage, ukiimeza tumbo linaikatakata inakuwa vipande vidogo vidogo, vinaingia kwenye damu halafu mwili unavipeleka unakotaka wenyewe, hiyo ya moja kwa moja gotini ni maneno ya biashara. Kwenye ngozi kuna tafiti zinaonyesha unyevu unaongezeka kiasi watu wakinywa gramu 2.5 mpaka 10 kwa siku kwa wiki kadhaa, ila nyingi zimelipiwa na wauzaji wenyewe, mimi sizitegemei sana. Glukosamini Marekani waliipima kwa watu zaidi ya 1,500 wenye magoti mabovu, majibu yakatoka 2006, kwa ujumla haikuvizidi vidonge visivyo na dawa.

Kongoro ndio, ni kolajeni iliyochemka, ndo maana supu ikipoa inaganda. Tumboni inakatwakatwa vilevile, we kunywa kwa utamu wake ila engua mafuta. Kula na mapera, mwili hauwezi kutengeneza kolajeni yake bila vitamini C na pera linalo kuzidi chungwa. Mboga za majani kula kiasi kilekile kila siku, ukibadilisha ghafla wafarini inayumba.

Ngozi ya huku inaharibiwa na jua, watu wanadanganywa na baridi wakati Mbeya tuko mita kama 1,700 na mionzi ni mikali. Kofia pana shambani, mafuta ya mgando ukitoka tu kuoga.

Goti: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, hesabu mpaka 5, shusha, mara 10 kila mguu asubuhi na jioni. Ila mguu ukivimba au ukawa wa moto acha zoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.