Utajiri wa Locronan ulitokana na matanga
Mtu akiziona nyumba za itale zinazouzunguka uwanja wa Locronan, huenda akadhani zilijengwa kwa fedha za uvuvi. Hapana. Mji huo mdogo wa Finistère, magharibi mwa Ufaransa, hauna hata bandari. Nyumba hizo nyingi ni za karne ya 17 na ya 18, na wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa vitambaa vya matanga vilivyofumwa kwa nyuzi za mmea wa jamii ya bangi (si mkonge, kama wengi wetu tungedhani), ambavyo viliuzwa kwa majeshi ya majini na kwa wenye merikebu za biashara, ndani na nje ya Ufaransa. Jengo la ofisi iliyokagua vitambaa hivyo lingalipo, kwenye uwanja uleule wenye kisima cha zamani. Biashara ilipodorora, hapakubaki fedha za kubomoa na kujenga upya, na nadhani umaskini huo umeuhifadhi mji kuliko sheria yoyote. Kanisa la Mtakatifu Ronan, hata hivyo, lisihesabiwe miongoni mwa majengo ya fedha za matanga: ni la karne ya 15, nalo lilijengwa kwa msaada wa watawala wa Bretagne, eneo ulimo mji huo, kwa ajili ya mahujaji, ambao hadi leo huzunguka njia ya kilomita 12 hivi kila baada ya miaka 6, mwezi Julai.